Muulize Mkutubi: Hesi zinazovuja, sabuni inayouma na chumba cha michoro

Barua za mwezi huu zimetoka karakana, viwandani na vyuoni, na zote zinagusa kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu: maktaba za ufundi. Nilianzia kwenye chumba cha nyaraka cha kiwanda, nikamalizia kwenye maktaba ya chuo cha ufundi. Barua nimezifupisha, lakini maswali ni yenu vilevile.

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi kerezo, nina karakana ndogo Gongo la Mboto. Mteja ameniletea pampu ya Marekani, akataka nimchongee viungio vya nusu inchi vya kuiunganisha na mabomba yake. Nimechonga hesi 14 kwa inchi, nimehesabu na kurudia, zinaingia, lakini maji yanavuja. Nimetazama video, wote wanasema niongeze tepu ya kuzibia. Nimeongeza mpaka imejaa. Nikasema niende maktaba, kaka yangu akacheka: eti maktaba ni ya wanaojiandaa na mitihani, fundi anatosha na simu yake. Unasemaje?

Marahaba mwanangu. Tuanze na maji, kaka yako tutamfikia.

Mabomba ya hapa kwetu yana hesi (zile nyuzi za skrubu zinazochongwa kwenye bomba) za mtindo wa Kiingereza, zinazoitwa BSP. Pampu za Marekani kwa kawaida huwa na mtindo wa kwao, NPT. Kwa nusu inchi na kwa robo tatu, mitindo yote miwili ina hesi 14 kwa inchi, kwa hiyo ungehesabu mpaka kesho usingeona tofauti. Tofauti iko kwenye pembe ya hesi yenyewe. BSP ina digrii 55, NPT ina digrii 60. Ukizikutanisha zitashikana mizunguko michache, halafu kilele cha moja hakikai sawasawa kwenye bonde la nyingine, na maji hupita hapo hapo. Tepu haiwezi kuziba njia ya namna hiyo kwa muda mrefu. Chukua venia, kile kipimo cha taya, upime na kipenyo cha nje: BSP ya nusu inchi ni milimita 20.955, bomba la NPT ni 21.34. Kama kazi ingekuwa ya robo inchi ungegutuka mapema, kwa sababu hapo BSP ina hesi 19 na NPT ina 18.

Kwa hiyo chonga kiungio chenye sura mbili. Upande wa pampu tumia kisu cha digrii 60, na uinamishe kipenyo kipungue milimita 1 kwa kila milimita 16 za urefu, maana NPT huziba kwa kubanana jinsi inavyoingia. Upande wa mabomba weka BSP. Halafu zungusha tepu yako kama kawaida.

Sasa kaka yako. Waliokufundisha kwenye video hawakudanganya. Wao walikuwa na hesi zinazolingana. Shida ni kwamba simu hujibu ulichouliza. Ukiandika "bomba linavuja" utaletewa tepu. Ukiandika "NPT na BSP" utaletewa jibu kwa sekunde, ila huwezi kuandika hivyo kabla hujajua kwamba kuna mitindo miwili. Mkutubi wa maktaba ya ufundi anayeijua kazi yake angekuuliza kwanza: pampu imetoka nchi gani? Kisha angekufungulia jedwali la hesi kwenye kitabu kikubwa cha marejeo ya mafundi mashine. Kinachojulikana zaidi ni Machinery's Handbook, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1914 na bado kinahuishwa. BSP na NPT wanazo ndani, na ukiziona pamoja swali lako linakuwa limejibika.

Nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, na aliifungua kwa ajili ya watu wote, wenye ovaroli wakiwamo. Vitabu hupangwa rafuni kwa namba za masomo, kwa hiyo ulizia rafu za namba 621. Uhandisi wa mitambo na umeme uko humo, na zana za karakana ziko 621.9.

Kwako Mama Mkutubi. Kikundi chetu cha akina mama wa Muheza kinatengeneza sabuni ya mafuta ya nazi. Binti yangu aliye chuoni alitutolea jedwali kwenye kitabu, likasema mafuta ya nazi ni 257. Tukaelewa ni gramu 257 za kostiki soda kwa kila kilo ya mafuta. Sabuni inatoka ngumu, inapasuka, na inauma mikono. Tumeongeza manukato na asali, bado inauma. Kitabu kimetudanganya?

Mama zangu, kwanza isimamisheni kuiuza leo. Sabuni hiyo ina kostiki soda iliyobaki bila kupata mafuta ya kuungana nayo, na itaumiza ngozi za watoto na macho yao.

Kitabu hakijadanganya. Majedwali mengi ya mafuta hupimwa kwa potasiamu hidroksidi, ile inayotumika kwenye sabuni laini na za maji. Ninyi mnatumia sodiamu hidroksidi, ndiyo kostiki soda ya dukani. Hizi mbili hazina uzito sawa: mahali ambapo potasiamu inahitajika gramu 56.1, sodiamu inatosha gramu 40. Kwa hiyo namba ya jedwali mnaizidisha kwa 0.713. Yenu, 257, inakuwa 183. Mmekuwa mkitia gramu 74 zaidi katika kila kilo ya mafuta.

Na hata hiyo 183 msiitie yote. Mafuta ya nazi hutofautiana, viwango vya kimataifa vinaruhusu namba ya jedwali iwe kati ya 248 na 265, kwa hiyo watengenezaji hupunguza asilimia 5 hivi ili mafuta yabaki kidogo na si kostiki. Tumieni gramu 174 kwa kilo. Siku mkichanganya mawese, namba yake ni kama 199, ikizidishwa inakuwa 142. Mawese yanahitaji kidogo kuliko nazi, msikariri kipimo kimoja kwa mafuta yote.

Sabuni iliyokwisha kutengenezwa msiitupe. Ikwangueni, iyeyusheni kwa moto mdogo na maji kidogo, na kwa kila kilo ya mafuta mliyoanza nayo ongezeni karibu nusu kilo nyingine. Vaeni glovu na miwani, na watoto wakae mbali. Ikikauka ijaribuni kwanza kwa karatasi ya kupima pH kabla ya kuigusisha mkono wa mtu.

Binti yako mwambieni ahsante kwa niaba yangu, alifanya jambo kubwa kufungua kitabu. Mara nyingine aanzie kichwani mwa jedwali, asome kimeandikwa kipimo gani, kisha ashuke mpaka maandishi madogo ya chini, ndipo achukue namba. Nimewafundisha wanafunzi wengi kusoma jedwali, na karibu wote walikuwa wanakwenda moja kwa moja kwenye namba. Akifika maktaba ya mkoa, Tanga mjini, vitabu vya sabuni ni namba 668.12. Na mkitaka kuuza madukani, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wana viwango vya sabuni. Viwango huuzwa, lakini kikundi kikinunua nakala moja mtajua kabisa mnapimwa kwa vigezo gani kabla hamjapeleka sampuli.

Salaam Mama. Mimi ni mkuu wa chuo kidogo cha ufundi stadi, Sumbawanga. Tumepata chumba, kabati mbili na shilingi laki nane za kuanzisha maktaba. Walimu wanataka vitabu vya kiada vya kila fani. Unashauri ninunue nini?

Nakupongeza kwa chumba, mkuu wangu. Fedha hizo usizimalize kwenye vitabu vya kiada, maana vitaisha kabla hata fani mbili hazijaenea. Nunua kwanza vitabu vya marejeo, kimoja cha mitambo, kimoja cha umeme, kimoja cha ujenzi. Hata toleo la zamani linafaa, hesi na kipenyo havikubadilika.

Kisha tuma barua kwa mawakala wa vipuri, nyaya, rangi, pampu na beringi, uwaombe katalogi. Wengi hutoa bure. Mwanafunzi aliyekaa na katalogi ya beringi kwa saa moja ataelewa kwamba 6205 ina tundu la milimita 25, kwa sababu tarakimu mbili za mwisho huzidishwa kwa 5, kipenyo cha nje 52 na unene 15, na kwamba namba hiyo ni ileile awe ametengeneza Mswidi, Mjapani au Mhindi. Akikutana na 6305 atajua tundu ni lilelile 25, lakini yenyewe ni nene na pana zaidi, 62 kwa 17. Huyo hataingia dukani akiwa ameshika beringi iliyochakaa na kusema "nipe kama hii". Kuna mabosi wanaomwajiri kijana kwa kujua hilo tu.

Kila mashine iliyopo karakana kwenu, kitabu chake kitoke kwenye droo ya mwalimu kije maktaba. Mwalimu abaki na nakala. Mwalimu akihama, kitabu kisihame naye.

Mtandao mnao? Basi chuo kijiandikishe Research4Life. Taasisi za Tanzania huingia bila malipo, na ndani yake kuna mkusanyiko uitwao ARDI, unaohusu sayansi tumizi na teknolojia. Hapo mtakuwa na majarida ambayo laki nane isingenunua hata moja.

Na ratiba. Maktaba isiyowekwa kwenye ratiba hugeuka chumba cha mitihani. Kila wiki mwalimu atoe kazi ya kutafuta: kipimo cha waya unaobeba ampia 30, uwiano wa zege la msingi, bolti ya M10 ina hatua, yaani umbali kutoka hesi moja hadi nyingine, ya milimita ngapi (ni 1.5). Mwanafunzi alete jibu, jina la kitabu na ukurasa. Jibu lisilo na ukurasa lisipewe alama.

Habari za kazi, Mama. Nasimamia matengenezo katika kiwanda kimoja Morogoro. Tuna chumba cha vitabu vya mashine na michoro tangu miaka ya 1970, vingine vya Kichina, vingine vya Kijerumani. Uongozi mpya unataka chumba kiwe stoo ya vifungashio na karatasi zichomwe, kwa kuwa "kila kitu kipo mtandaoni". Nimepewa wiki tatu. Nifanye nini?

Ndugu mhandisi, barua yako imeniumiza, na nitakujibu kwa urefu.

Miaka ya 1990 kiwanda nilichofanyia kazi kiliuzwa. Timu ya tathmini ilihesabu mashine, magari, matangi, mpaka viti vya ofisini. Karatasi hazikuwa na safu kwenye fomu yao. Michoro ikatolewa kwa toroli, na baada ya muda nikaona vipande vyake sokoni vikifungia karanga. Gia kubwa ya mashine mojawapo ilipovunjika, fundi mahiri kabisa alikuwapo, chuma kilikuwapo, lakini hapakuwa na mtu anayejua idadi ya meno na vipimo vyake, maana ile ya zamani ilikuwa imesagika vipande. Mashine ilikaa, ikatolewa vipuri, mwishowe ikauzwa kama chuma chakavu. Watu waliokuwa wakiiendesha walirudi nyumbani.

Kusema kila kitu kipo mtandaoni, kwa mashine za umri huo, si kweli. Viwanda vyetu vya zamani vilijengwa na mikono mingi: Urafiki, Dar es Salaam, ilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, kiwanda cha zana za mashine cha Moshi kikaja kwa msaada wa Bulgaria, na wengine wakaleta wa kwao. Kila mashine ilikuja na lugha yake, na zaidi ya lugha, na viwango vyake. Mchoro wa Ulaya Mashariki utakuambia shafti ni chuma "45". Ukienda dukani Dar es Salaam utaambiwa hakipo. Kipo: Mjerumani anakiita C45, Mmarekani 1045, na fundi aliyefunzwa Kiingereza atakupa EN8 kama ndugu yake wa karibu. Mtengenezaji wa mashine yenyewe huenda alishafunga milango. Nani angemwekea kitabu chake mtandaoni?

Na kuna karatasi ambazo hazikuwahi kutoka nje ya ukuta wa kiwanda chako. Mota ilipobadilishwa, fundi umeme akachora nyaya mpya kwa penseli juu ya mchoro wa zamani, akaweka tarehe na saini. Bomba la mvuke lilipohamishwa, mtu akachora njia yake. Hakuna nakala nyingine ya hizo popote duniani, na ndizo za kuokoa kwanza.

Wiki zako tatu zigawe hivi. Siku za mwanzo tenga mafungu. Fungu la kwanza ni kila kilichoandikwa au kusahihishwa kiwandani: nyaya, mabomba, misingi ya mashine, vitabu vya kumbukumbu za matengenezo, na karatasi za boila, ambazo mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, akija atazitaka. Fungu la pili ni vitabu vya mashine zinazofanya kazi mpaka leo. La tatu ni vya mashine zilizokwisha kuondolewa. Hizo usizichome, piga simu DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, au chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu, kuna mwalimu atakayezifurahia kwa kufundishia kusoma michoro.

Kisha piga picha fungu la kwanza lote, halafu la pili kadiri utakavyoweza. Kamera ya simu inatosha ukiishika sambamba na karatasi, mwanga utoke pande mbili, na kando ya mchoro ulaze rula ili anayeutazama baadaye ajue ukubwa wake. Jina la faili lianze na namba ya mashine, kisha aina ya karatasi, kisha mwaka. Usiliache faili liitwe kama kamera ilivyoliita, utakuwa umehamisha fujo kutoka chumbani kwenda kwenye kompyuta. Nakala ziwe mbili, moja isikae jengo lile.

Karatasi zenyewe zinahitaji nafasi ndogo kuliko wanavyodhani. Michoro ilazwe kwenye droo pana, makabati yawe mbali na ukuta na yainuliwe juu ya sakafu kwa ajili ya mchwa. Ile michoro ya bluu yenye mistari myeupe usiiache juani wala chini ya dirisha, mwanga huifuta. Karatasi za Kichina ziandikie jalada la Kiswahili: mashine gani, sehemu gani, ukurasa wenye jedwali la vipuri. Tafsiri kamili inaweza kusubiri, lakini mzee aliyejifunza kwa Wachina na bado anakumbuka hatasubiri milele. Mwite wiki hii, mkalishe mezani, mwulize ukurasa kwa ukurasa, na mlipe posho.

Kwa uongozi usipeleke hotuba ya umuhimu wa maktaba. Fungua kitabu cha matengenezo cha mwaka jana, tafuta saa ambazo mashine zilisimama kwa sababu tu mtu alikuwa anatafuta kipimo, namba ya kipuri au njia ya waya. Zidisha kwa hasara ya saa moja, takwimu ambayo mhasibu wenu anayo. Weka namba hiyo mezani, kando yake weka kodi ya stoo ya vifungashio nje ya kiwanda. Na uombe jambo moja la nyongeza: awepo mtu mwenye jina, hata kama ana kazi nyingine, ambaye kila karatasi ikitoka inatoka kwa saini yake.

Niandikie wakikujibu. Ninataka kujua.

Mama, mimi ni mtengenezaji wa mashine, Njombe. Nimebuni mashine ya kukamua mafuta ya parachichi. Naogopa kuibiwa, na pia naogopa huenda kuna mtu alishaibuni. Maktaba inaweza kunisaidia?

Inaweza sana mwanangu. Hataza, zile hati za kulinda uvumbuzi, ni maktaba kubwa ya ufundi ambayo mafundi wetu hawaingii. Mvumbuzi akipewa hataza hulazimika kueleza na kuchora wazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, na kwa malipo ya kufichua huko hupata ulinzi wa hadi miaka 20. Hati hizo zinasomeka bure. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilifungua hifadhi yake, Espacenet, mwaka 1998. Usitafute kwa maneno peke yake, tafuta kwa alama za makundi: B30B 9 ni mashinikizo ya kukamua vimiminika, C11B 1 ni utoaji wa mafuta kutoka kwenye malighafi. Anza na michoro, utaielewa hata lugha ikiwa ya Kijapani.

Hataza hufuata mipaka ya nchi. Iliyosajiliwa Ujerumani tu haikuzuii kutengeneza na kuuza Njombe, ila huwezi kuipeleka mashine hiyo Ujerumani. Iliyokwisha muda ni ya kila mtu. Angalia pia zile za ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililopo Harare, kwa sababu zinaweza kuwa zimeitaja Tanzania. Ukiona yako ina jambo jipya, nenda BRELA, wakala wa usajili, kabla hujaipeleka maonyesho ya Nane Nane. Kuionyesha hadharani kwanza kunaweza kukupotezea haki. Na kumbuka usajili wa BRELA ni wa Tanzania Bara, Zanzibar wana wakala wao.

Shikamoo. Niko kidato cha sita, nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Nikisema nataka kuwa mkutubi watu wananiambia napoteza masomo yangu. Nisomee wapi?

Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye ninayekutafuta siku zote. Wakutubi wengi wetu tulitoka kwenye masomo ya sanaa, na mhandisi akija na swali la hesi au la mkondo wa umeme tulilazimika kujifunza mbele yake. Wewe utakuwa umeshaanza. Chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka kipo Bagamoyo, chini ya Huduma za Maktaba Tanzania, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada za fani hiyo. Wakati wa mafunzo kwa vitendo watataka kukupangia maktaba ya mkoa au ya shule. Omba kiwandani. Peleka barua mapema, useme utawapangia vitabu vya mashine bila malipo kwa kipindi chote cha mafunzo, na uanze na karatasi za boila.